Rekodi za Jukwaani na Santuri za Jazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi ya maswali haya nimeulizwa na watu wanaoanza kukusanya. Mengine nilijiuliza mwenyewe, usiku, nikiwa nimeshika majalada mawili ya tamasha moja bila kujua lipi linasema kweli. Mengine yamejibiwa kwa kirefu na mengine kwa mistari miwili, kwa kuwa hayalingani uzito.

Kwa nini nisikilize wimbo uleule mara tano wakati kuna nyimbo elfu sijazigusa?

Kwa sababu wimbo wa jazi hauishi kutungwa siku ulipoandikwa. Unakamilishwa na watu waliopo jukwaani usiku huo, na kesho yake unakamilishwa upya.

Chukua «My Favorite Things» ya mpiga saksofoni John Coltrane. Studioni, mwaka 1960, ilichukua dakika 14 kasoro kidogo. Kwenye tamasha la Newport la 1963 Elvin Jones, mpiga dramu wake wa kawaida, hayupo, aliyekaa kwenye dramu ni Roy Haynes, na wimbo uleule unatembea kwa miguu myepesi kuliko ulivyozoeleka. Tokyo, Julai 1966, umefika karibu saa nzima: Jimmy Garrison anaufungua kwa solo ndefu ya besi akiwa peke yake, na melodi inapotokea unaisalimia kama jamaa uliyemkata tamaa. Aliyesikia toleo la 1960 tu anaujua wimbo. Aliyesikia yote matatu anaanza kumjua mtu.

Unapolinganisha rekodi mbili, unasikiliza nini hasa?

Kila mtu ana njia yake. Mimi huanza na mpiga dramu, kwa sababu yeye ndiye anayeamua wenzake wana uhuru kiasi gani, na pia kwa sababu masikio yetu yamezoea kumfuata mpiga saksofoni na hivyo hukosa mambo yanayotendeka nyuma yake.

Mazoezi mazuri ni «So What» ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Umbo lake ni jepesi: baa 32, yaani vipimo vya mapigo, na katikati mambo yanapanda nusu toni kisha yanarudi. Kwa hiyo huwezi kupotea. Sikiliza ya studio ya 1959, halafu ile ya Stockholm ya Machi 1960, Coltrane akiwa kwenye safari yake ya mwisho na Miles, kisha ya Carnegie Hall ya 1961, na umalizie na ya Philharmonic Hall ya Februari 1964. Mara tatu za kwanza mpiga dramu ni Jimmy Cobb. Ya nne ni Tony Williams, kijana wa miaka 18, na wimbo uliokuwa ukitembea sasa unakimbia kama unafukuzwa.

Sasa jiulize. Mwendo umebadilika wapi, na nani aliuanzisha? Ule utangulizi wa taratibu wa piano na besi wa 1959 umeenda wapi? Coltrane wa Stockholm anapong'ang'ania kipande kimoja cha sauti na kukigeuzageuza, Wynton Kelly kwenye piano anamfuata au anamwacha? Andika kwenye karatasi. Usiandike «nzuri» au «mbaya», andika dakika na tukio: «dakika ya tatu, piano inanyamaza». Ukirudi baada ya mwezi, maneno ya sifa hayatakusaidia chochote, lakini dakika zitakusaidia.

Jambo moja dogo ambalo wengi hulisahau: sawazisha sauti. Rekodi yenye sauti kubwa zaidi, hata kwa desibeli moja, sikio litaiona bora bila kukuambia sababu. Kabla hujatoa hukumu, punguza ile inayopiga kelele hadi zilingane.

Jalada linasema «live». Niamini?

Usiamini upesi. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jazi imejaa rekodi za jukwaani ambazo jukwaa lake lilijengwa baadaye.

Anza na bendi kubwa ya Duke Ellington, tamasha la Newport, Julai 1956. Paul Gonsalves alisimama kati ya vipande viwili vya «Diminuendo and Crescendo in Blue» akauzunguka wimbo mara 27 kwa saksofoni, watu wakapanda juu ya viti, na bendi ambayo wengi walidhani siku zake zimepita ikarudi kwenye kurasa za mbele. Santuri ya kampuni ya Columbia ilitoka mwaka huohuo ikauzwa sana. Lakini sehemu kubwa ya santuri ile ilirekodiwa upya studioni siku chache baadaye, na makofi yakabandikwa. Na solo yenyewe ya Gonsalves, iliyo ya kweli, inasikika kwa mbali, kwa kuwa alikuwa akipuliza kwenye maikrofoni ya jirani: ile ya redio ya Voice of America. Kanda ya redio ilipopatikana, miongo kadhaa baadaye, iliwezekana kuoanisha kanda mbili zilizonaswa na maikrofoni tofauti, na toleo la 1999 likatoka kwa stirio, yaani spika ya kulia na ya kushoto kila moja na sauti yake, Gonsalves akiwa karibu na wewe. Ukiweka santuri ya 1956 na toleo la 1999 bega kwa bega utasikia ukumbi mmoja wa kubuni na mwingine wa kweli, vyote vikiwa na jina moja.

Mfano wa pili ni Massey Hall, Toronto, Mei 15, 1953: Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach. Besi haikunaswa vizuri, kwa hiyo Mingus, aliyekuwa na hisa katika kampuni iliyoitoa, aliirekodi tena baadaye juu ya kanda. Yapo matoleo yenye besi ya nyongeza na yapo yasiyo nayo. Na ukisoma jalada la mwanzo ukajiuliza huyu mpiga saksofoni anayeitwa Charlie Chan ni nani, ndiye Parker mwenyewe, aliyefungwa na mkataba wa kampuni nyingine.

Wa tatu ni mpiga saksofoni Cannonball Adderley na «Mercy, Mercy, Mercy!» Jalada linakuambia uko klabuni Chicago. Ukweli ni kwamba uko studioni Hollywood, mwaka 1966, na wasikilizaji walioalikwa wakanyweshwa bure. Mimi simlaumu mtu hapo: watu ni wa kweli, furaha ni ya kweli, anwani tu ndiyo ya uongo.

Kuna na kinyume chake. Mwaka 1960 Mingus aliingia studioni kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Candid, akazungumza na hadhira isiyokuwepo, akiomba watu wasipige makofi na wasigongeshe barafu kwenye glasi. Hakukuwa na hata glasi moja.

Kwa hiyo sikiliza makofi. Yakianza ghafla kama bomba lililofunguliwa na kukatika ghafla vilevile, shuku. Makofi ya kweli huanza na mtu mmoja, mara nyingi kabla ya wakati.

Kwa nini tamasha moja lina sauti tofauti kwenye matoleo mawili?

Mara nyingi kwa sababu chanzo si kimoja. Tamasha laweza kuwa lilinaswa na kampuni ya santuri, na redio, na pengine na mtu aliyekaa meza ya tatu na mashine yake. Kanda ya redio kwa kawaida ina sauti ya mbele iliyo wazi, ila hukatwa na mtangazaji. Rekodi ya Coltrane klabuni Half Note ya 1965, iliyotolewa rasmi 2005, inakuingiza wakati bendi imeshawaka moto, maana redio ndipo ilipoanza.

Halafu kuna kasi. Mashine iliyorekodi ikienda polepole kidogo, muziki ukipigwa kwa kasi sahihi utapanda. Jambo hili lilikipata hata «Kind of Blue», santuri ya Miles yenye ile «So What» ya 1959, rekodi ya studio ya kampuni kubwa yenye mafundi wa kila namna: nyimbo tatu za upande wa kwanza zilisikika juu kuliko zilivyopigwa kwa zaidi ya miaka 30, mpaka kanda ya akiba iliyokuwa na kasi sahihi ilipotumika miaka ya 1990. Kama kwao iliteleza, fikiria kanda za klabuni zilizonakiliwa mara nne. Kosa la asilimia 6 hivi ni nusu toni nzima. Ukiwa na piano au hata programu ya kupimia noti kwenye simu, pima kabla hujaandika kwamba usiku ule bendi «ilikuwa na kasi ya ajabu».

Kasha kamili la usiku mzima, au santuri ya awali iliyochaguliwa?

Vyote viwili, lakini kwa mpangilio: santuri kwanza, kasha baadaye.

Juni 25, 1961, siku ya Jumapili, mpiga piano Bill Evans alipiga klabuni Village Vanguard, New York, pamoja na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu. Awamu tano, mbili za alasiri na tatu za usiku. Siku kumi na moja baadaye LaFaro alikufa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 25. Evans na prodyuza Orrin Keepnews walipokaa kuchagua nyimbo za santuri ya kwanza hawakuwa wakichagua nyimbo bora za siku ile. Walikuwa wakimuaga marehemu. Ndiyo maana santuri inafunguliwa na utunzi wa LaFaro na kufungwa na utunzi wa LaFaro, na besi iko mbele kila inapowezekana.

Mwaka 2005 siku nzima ilitolewa kwa mpangilio wake, pamoja na umeme ulivyokatika katikati ya wimbo wa kwanza. Kasha hilo linakupa kitu kingine kabisa: «All of You» mara tatu kwa siku moja, wapigaji watatu wakijaribu mlango huu, kisha ule. Unasikia klabu ya alasiri yenye watu wachache ikigeuka klabu ya usiku. Ukianza na kasha, hutaelewa kwa nini santuri ilipangwa vile. Ukiishia kwenye santuri, hutajua kilichobaki nje.

Coltrane, Vanguard, Novemba 1961, ni hadithi ileile kwa sura nyingine. Santuri ya mwanzo ilikuwa na nyimbo tatu tu. Kasha la 1997 limekusanya usiku nne, na «India» inarudi tena na tena, watu wakiingia na kutoka, safari moja kukiwa na udi, safari nyingine hakuna. Hapo usijaribu kusikiliza yote kwa mkao mmoja. Nilijaribu. Kufikia «Spiritual» ya tatu nilikuwa nikisikiliza jokofu.

Kelele za watu hazikusumbui?

Zinategemea. Glasi zinazogongana kwa Evans siku ile ni sehemu ya muziki sasa. Ukiziondoa, chumba kinakufa. Pia huumiza kidogo, maana unasikia watu wakicheka na kupiga soga mbele ya kitu ambacho wengine wangetoa mengi wakione. Kule klabuni Birdland, Februari 1954, sauti nyembamba ya Pee Wee Marquette akiitambulisha bendi ya mpiga dramu Art Blakey ni mlango wa rekodi ile, sijawahi kuiruka.

Kuna upande mwingine. «Jazz at the Pawnshop», iliyonaswa Stockholm mwaka 1976, inapendwa mno na wenye spika za bei kubwa kwa jinsi ukumbi unavyosikika, sahani na vikombe na yote. Wapo wanaoisikiliza kwa ajili ya vikombe. Nawaheshimu, ila mimi narudi kwa wapigaji.

Chapa ya kwanza ni nini, na nitaitambuaje?

Chapa ya kwanza ni nakala zilizogongwa kiwandani wakati santuri ilipotoka mara ya kwanza, kutokana na sahani mama ya mwanzo, yaani ile inayokatwa mfereji wa sauti kutoka kwenye kanda ili nyingine zote zitokane nayo. Jalada halitoshi kukuambia. Majalada yalichapwa kwa wingi na kutumiwa miaka mingi. Geuza santuri kwenye mwanga, tazama lile eneo laini kati ya mwisho wa muziki na lebo. Humo mna namba na alama zilizochorwa kwa mkono au kugongwa, na alama hizo ndizo kitambulisho chake.

Tuchukue kampuni ya Blue Note, kwa kuwa ndiyo inayowatoa watu jasho kuliko nyingine. Tafuta «RVG» au «VAN GELDER»: ni alama ya Rudy Van Gelder, aliyerekodi na kuikata sahani mama mwenyewe. Kisha tafuta alama inayofanana na sikio dogo. Kwa kweli ni herufi P ya mwandiko wa kuunga, ya kiwanda cha Plastylite, kilichogonga santuri za Blue Note hadi kampuni iliponunuliwa na Liberty mwaka 1966. Yenye RVG na sikio ilitoka kabla ya mauzo hayo. Yenye RVG bila sikio, mara nyingi ni vyuma vilevile vya kugongea vikitumiwa baadaye na kiwanda kingine. Baada ya hapo soma anwani kwenye lebo: Lexington Avenue ni ya mapema kuliko 47 West 63rd, na hiyo ni ya mapema kuliko ile iliyoandikwa New York USA.

Utasikia pia watu wakizungumzia mfereji wa kina kwenye lebo, yaani ile duara iliyobonyea. Ilisababishwa na vyuma vya zamani vya mashine ya kugongea. Inasaidia kukadiria umri, lakini vyuma vya zamani vilitumika sambamba na vipya, kwa hiyo usiifanye shahidi pekee. Nimeona watu wazima wakigombana kuhusu duara hilo kana kwamba ni mpaka wa shamba.

Je, chapa ya kwanza husikika vizuri kuliko zote?

Hapana. Ina faida moja ya kweli: kanda ilikuwa mpya sahani mama ilipokatwa, na aliyeikata mara nyingine ni yuleyule aliyeirekodi. Lakini ilipigwa pia kwa sindano nzito za miaka ya 1950, mara mia, karamuni. Van Gelder naye alikata akifikiria mashine za nyumbani za wakati ule, akibana besi ili sindano isiruke. Toleo jipya lililokatwa kwa uangalifu kutoka kwenye kanda ya mwanzo, kama mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note ulioanza 2019, mara nyingi lina besi pana na ukimya ambao nakala ya zamani iliyochoka haiwezi kuwa nao.

Ninayo nakala moja ya zamani iliyochubuka ambayo sitaiuza. Si kwa ajili ya sauti. Mtu aliandika jina lake na mwaka kwenye kona ya jalada, na kwenye solo ya piano, upande wa pili, pana mikwaruzo mingi kuliko popote. Alikuwa akirudia pale.

Mono au stirio?

Santuri za stirio zilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Za kabla ya hapo nunua mono, yaani sauti ileile kwenye spika zote mbili, na ukiona «stirio» kwenye rekodi ya 1953 jua ni ya kutengenezwa, weka chini. Kwa zile za kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, ni ladha. Stirio ya mwanzo ilipenda kumweka mpiga saksofoni kwenye spika moja na dramu kwenye nyingine, na ukumbi ukabaki na shimo katikati. Kwa kulinganisha, shimo hilo ni zawadi: ukizima spika moja unaweza kumfuata mtu mmoja peke yake.

Ukipiga santuri ya mono, bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya kama kipo. Muziki wa mono umeandikwa kwenye mtikisiko wa kulia na kushoto wa mfereji, na kelele nyingi za vumbi ziko kwenye mtikisiko wa juu na chini. Kitufe kinaunganisha pande mbili, na sehemu kubwa ya kelele hiyo inajifuta.

Mbona nyimbo ndefu za jukwaani husikika vibaya mwishoni mwa upande?

Santuri huzunguka kwa mwendo mmoja, mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, lakini duara linazidi kuwa dogo. Ukingoni mwa santuri ya inchi 12 sindano inapita kama sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21. Maelezo yaleyale ya sauti yamebanwa kwenye nusu ya nafasi. Balaa la rekodi za jukwaani ni kwamba kilele huja mwishoni. Bendi inapowaka, ndipo mfereji umebana.

Wazalishaji walijua hili. «Chasin' the Trane» ya Coltrane, dakika 16 hivi, ilipewa upande mzima, na ule ni urefu unaoruhusu mifereji mipana. Linganisha na «The Köln Concert» ya mpiga piano Keith Jarrett, ya Januari 1975: sehemu ya kwanza ina dakika 26 upande mmoja, na sehemu ya pili, aliyoipiga bila kusimama, ilibidi ikatwe katikati ili ugeuze santuri. Hapo diski ndogo (CD) inashinda bila ubishi. Ukitaka kupunguza tatizo, hakikisha katriji, kile kifaa kinachoshika sindano, imekaa sawa kwenye mkono wa mashine. Kosa dogo la pembe husikika kwanza ndani.

Herufi NM, VG+ na VG zina maana gani?

Ni alama za wauzaji za hali ya santuri. NM ni karibu na mpya. VG+ ina alama nyepesi lakini kelele chache. VG ina kelele unazozisikia kati ya nyimbo na katika vipande vya taratibu. G maana yake «nzuri», na hiyo ni dhihaka: santuri ya G imechakaa. Muulize muuzaji kama ameipiga au ameitazama tu. Yapo mikwaruzo mirefu ya kutisha isiyosikika, na yapo machakavu ya sindano yasiyoonekana yanayofanya tarumbeta itoe sauti ya karatasi inayochanwa. Kwa besi peke yake au piano ya taratibu dai NM; kwa bendi kubwa inayonguruma, VG+ inatosha kabisa.

Kuna matoleo mengi ya Ulaya ya rekodi za miaka ya 1950 kwa bei ndogo. Ni ya wizi?

Mengi ni halali huko. Hakimiliki ya rekodi katika Umoja wa Ulaya ilikuwa miaka 50, ikarefushwa hadi 70 kwa sheria ya mwaka 2011, lakini rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 hazikufaidika: zilikuwa zimeshaachwa huru. Hivyo kampuni yoyote inaweza kuzigonga upya. Haziruhusiwi kuzigusa kanda za mwanzo, kwa hiyo mara nyingi chanzo ni diski ndogo, na unanunua diski ndogo iliyogeuzwa kuwa santuri. Kama jalada linajisifu kwa uzito na rangi ya plastiki bila kutaja kanda wala aliyekata, umeshajibiwa.

Uzito wa gramu 180 unaongeza ubora wa sauti?

Hauongezi. Sauti imo kwenye mfereji. Santuri nzito haipindi haraka na inapendeza mkononi, basi.

Na kanda za siri, zilizorekodiwa na mashabiki?

Kisheria ni za wenyewe, na kuziuza bila ruhusa ni wizi. Lakini historia ya jazi ingekuwa na mashimo makubwa bila watu waliobeba mashine. Novemba 7, 1940, vijana wawili, Jack Towers na Dick Burris, walimwomba ruhusa Duke Ellington, wakamrekodi kwenye ukumbi wa dansi wa Fargo kwa mashine ya kukatia sahani. Ni moja ya rekodi hai zaidi za bendi ile, pamoja na mapengo pale walipobadilisha sahani. Dean Benedetti alimfuata Charlie Parker mwaka 1947 na 1948, na mwingine akianza solo alizima mashine ili asipoteze nafasi. Yaliyobaki ni Parker bila bendi inayojibu, kama kusikiliza upande mmoja wa simu; kampuni ya Mosaic iliyatoa mwaka 1990. Na «A Love Supreme» ya Seattle, ya Oktoba 1965, ilikaa kwenye kanda ya mwanamuziki Joe Brazil mpaka ilipotolewa rasmi 2021.

Maktaba nazo zina siri zake. Mpiga piano Thelonious Monk na Coltrane, Carnegie Hall, Novemba 1957: kanda ya Voice of America ilikaa Maktaba ya Bunge la Marekani bila kutambuliwa hadi 2005. Ikiwa una kanda ya mtu ambayo haijatoka rasmi, isikilize, usiiuze, na itakapotoka rasmi, inunue hata kama unayo.

Nisafishe kwa kutumia nini?

Brashi laini ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande, na maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke yenye tone la sabuni isiyo na manukato pale uchafu umeganda. Usitumie maji ya bomba, yanaacha chokaa. Futa kwa kufuata mduara.

Kwa santuri za mizunguko 78, soma hapa mara mbili. Nyingi ni za shelaki, na shelaki inayeyuka kwa spiriti. Ninajua kwa sababu ya kwanza niliyopata niliipangusa kwa spiriti nikifurahia jinsi ilivyokuwa iking'aa, mpaka nilipoona kwamba ule mng'ao ulikuwa kwenye kitambaa. Pia usizipige kwa sindano ya santuri za kawaida. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu, na sindano nyembamba itaogelea chini ikisoma takataka.

Nihifadhije?

Zisimame wima, zisilale moja juu ya nyingine, mbali na jua na joto. Badilisha mifuko ya ndani ya karatasi kwa ile isiyokwaruza. Usizibane mno kwenye rafu, kidole kipite.

Nina nakala tatu za tamasha moja. Nibaki na ipi?

Usiamue kwa majalada. Chagua wimbo ulio katikati ya upande, si wa mwanzo ambao kila mtengenezaji anaunyoosha, wala wa mwisho ambao fizikia imeuonea. Mwombe mtu mwingine abadilishe santuri bila kukuambia ipi ni ipi, sauti zikiwa zimelinganishwa. Sikiliza dakika mbilimbili, rudia, na useme unayoitaka kabla hujageuka kutazama.

Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, ile niliyoitafuta miaka miwili na kuipa rafu ya juu ilishika nafasi ya tatu. Bado iko rafu ya juu.